Rili, kamba na 1.04: kisa cha jibu lililokaribia kuwa sahihi

Ujumbe uliingia saa nne usiku, na picha tatu za daftari. "Shikamoo mwalimu. Swali la sita limenishinda. Kitabu kinasema 1.0, mimi napata 0.55. Nimerudia mara nne. Nadhani kitabu kimekosea." Kazi ilikuwa ya kukusanywa asubuhi yake.

Mimi si mhadhiri wake. Huwa nawasaidia wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza na wa pili wanapokwama kwenye mekanika, na ujumbe wa namna hii nimeshaupokea mara nyingi kiasi kwamba naweza kukisia picha kabla haijafunguka. Huyu ameniruhusu nisimulie kisa chake bila jina. Nimekichagua kwa sababu na mimi nilikosea humo ndani, na kosa langu ndilo lililozaa jibu baya kuliko lile alilokuja nalo.

Swali

Rili ya kebo, ile yenye diski mbili kubwa pembeni na kiini chembamba katikati, imesimama kwenye sakafu tambarare. Tungamo lake ni kilo 20. Diski zinazogusa sakafu zina nusu kipenyo cha mita 0.30, na kiini kinachozungushiwa kamba kina nusu kipenyo cha mita 0.15. Momenti ya inesha (kipimo cha ugumu wa kuizungusha) kuzunguka kitovu ni 0.9 kg·m². Kamba inatokea upande wa chini wa kiini na inavutwa kulia, sambamba na sakafu, kwa kani ya nyutoni 60. Myu (μ, namba inayopima ukali wa msuguano) ya msuguano tuli, yaani kabla ya kuteleza, ni 0.25, myu ya msuguano wa mwendo, yaani wakati wa kuteleza, ni 0.20. Tafuta mchapuko wa kitovu, yaani kasi yake inavyoongezeka.

Ambaye hajawahi kuliona jambo hili achukue rili ya uzi wa kushonea, ailaze mezani, uzi utokee chini, kisha auvute taratibu. Wengi huweka dau kwamba rili itabingirika kwenda mbali na mkono, maana kamba inaonekana kama inaizungusha kwa upande huo. Haiendi mbali. Inamfuata mvutaji, tena inaendelea kujizungushia uzi ikiwa njiani. Ndiyo maana walimu wa mekanika hawaliachi swali hili: linaonekana rahisi, halafu linakung'ata.

Picha tatu

Picha ya kwanza ilikuwa ya kazi yake mwenyewe. Mstari wa juu kabisa wa ukurasa, kabla hata ya mchoro, umepigiwa boksi kwa kalamu nyekundu:

f = μN = 0.25 × 20 × 9.81 = 49.05 N

Hapo f ni msuguano, na N ni kani ya sakafu inayosukuma juu, sawa na uzito wa rili, 20 × 9.81. Chini ya boksi hilo ndipo kuna mchoro wa kani, na mchoro wenyewe ni safi: uzito unaelekea chini, sakafu inasukuma juu, kamba inavuta kulia kwenye kimo sahihi, msuguano unaelekea kushoto. Kisha:

60 − 49.05 = 20a
a = 0.55 m/s²

Ukikagua kwa kikokotoo huoni kosa. Kuzidisha ni sahihi, kutoa ni sahihi, kugawanya ni sahihi. Alirudia mara nne na mara zote nne alipata kitu kile kile, kwa hiyo akahitimisha kwamba mwenye kosa ni kitabu. Simlaumu. Ukirudia hesabu ile ile mara nne bila kugusa ulichokiamini kabla ya kuianza, utakuwa umekagua kikokotoo tu.

Picha ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi. Ilikuwa suluhisho la mwanafunzi mwenzake, la mstari mmoja, ambalo nadhani lilikuwa linazunguka kwenye simu za darasa zima usiku huo:

60 × 0.15 = 2.7α, α = 3.33, a = 0.30 × 3.33 = 1.0

Hapo α ni mchapuko wa mzunguko. Pembeni ya mstari huo, kwa penseli, yeye ameandika "2.7???" na alama za kuuliza ameziongezea wino baadaye, kama mtu aliyerudi pale zaidi ya mara moja.

Picha ya tatu ilikuwa ya ukurasa wa majibu nyuma ya kitabu. 1.0, kama alivyosema.

Kwa hiyo huyu binti, saa nne usiku, alikuwa na jibu la kitabu na suluhisho kamili lililo sahihi. Angeweza kunakili ule mstari mmoja, akalala, na akapata maksi zote za swali la sita. Hakufanya hivyo, na kwangu hilo linasema mengi kuliko kosa lenyewe. Watu huzungumza juu ya msaada wa mazoezi ya chuo kana kwamba kinachokosekana ni majibu. Majibu yako tele: kwa wenzako, kwenye vitabu vya suluhisho, na siku hizi kwenye programu zinazokuandikia kurasa mbili za hatua kwa dakika moja. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha mahali akili yake ilipogeuka njia.

Dokezo langu

Na mtu huyo, kwa saa ya kwanza, sikuwa mimi.

Nina desturi ya kutompa mwanafunzi jibu. Naona ni desturi nzuri, lakini inaweza kugeuka uvivu uliovaa joho. Nilitazama picha ya kwanza, nikaona boksi jekundu, nikajua kosa liko pale. Nikaandika: "Angalia tena msuguano wako. Una uhakika umetumia myu inavyostahili?"

Nilijiona mjanja. Nimegusa mstari wenye tatizo bila kulitatua. Ila jiweke kwenye kiti chake. Swali limempa myu mbili. Ametumia moja, jibu halikukubali. Mwalimu anamwuliza kama ametumia myu inavyostahili. Mtu yeyote mwenye akili timamu angejaribu ile nyingine.

Dakika kumi baadaye: "Ahsante sana mwalimu!! Nimetumia 0.20 badala ya 0.25. Nimepata 1.04. Nadhani kitabu kimekadiria tu. Usiku mwema."

60 − 39.24 = 20.76, gawanya kwa 20, unapata 1.038.

Hebu tukae hapo kidogo. Jibu la 0.55 lilikuwa kosa lililojitangaza. Lilimnyima usingizi na likamfanya atafute msaada. Jibu la 1.04 limekosea kwa kiini kile kile, lakini limekaa asilimia nne tu kutoka kwenye ukweli, na asilimia nne kwa mwanafunzi wa uhandisi ni kitu anachokisamehe kila siku. Msahihishaji mwenye daftari 90 mezani angeweza kulipitisha. Yeye mwenyewe tayari alikuwa amelipitisha, tena na maelezo yake: rili inavutwa, kitu kinachovutwa kinasogea, kinachosogea kina msuguano wa mwendo, basi 0.20. Maelezo yamepangika vizuri kabisa. Na yamejengwa juu ya dokezo langu.

Ni bahati mbaya ya namba. Msuguano halisi katika swali hili, kama tutakavyoona, ni nyutoni 40. Myu ya 0.20 ikizidishwa kwa kani ya sakafu inatoa 39.24. Namba hizo mbili hazina undugu wowote. Zimekutana njiani tu, kama watu wawili wanaopanda basi moja wakitoka nyumba tofauti. Mtungaji angeweka kilo 22 badala ya 20 zisingekaribiana hivyo.

Badilisha 60 iwe 30

Sikumjibu "usiku mwema". Nilimwandikia: "Kabla hujalala, fanya kitu kimoja. Badilisha 60 iwe 30. Usiguse kingine chochote. Tumia njia hii hii ya sasa. Niambie unachopata."

Jibu lilikuja haraka: "−0.46."

"Hiyo hasi maana yake nini?"

Hapo ukimya ukaingia. Niliona anaandika, anafuta, anaandika. Kisha: "Ninavuta kulia, inaongeza kasi kwenda kushoto."

"Na ukiweka sifuri? Hakuna anayevuta."

"−1.96." Halafu, kabla sijasema kitu: "Mwalimu, rili imekaa yenyewe sakafuni halafu inaondoka peke yake 😂"

Hicho kicheko ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mpaka dakika hiyo kosa lilikuwa kitu ninachokijua mimi. Sasa alikuwa nalo mkononi, anaweza kuligeuza na kulitazama. Sikumwambia kwamba njia yake ina dosari. Njia yenyewe ndiyo iliyosema, kwa mdomo wake, kwamba msuguano unaweza kuisukuma rili iliyotulia. Kila anayefanya hesabu za fizikia aijue mbinu hii kuliko anavyojua fomula yoyote: chukua njia yako, iulize swali ambalo jibu lake unalijua hata bila hesabu. Weka sifuri. Weka namba kubwa kupita kiasi. Njia mbovu haikawii kujisema.

"Sasa," nikamwuliza, "nani aliyekuambia kwamba msuguano ni 39.24? Au 49.05?"

"Fomula."

"Soma fomula ya msuguano tuli kama ilivyo kwenye kitabu chako, alama kwa alama."

Akapiga picha na kuituma. Pale katikati, ndogo, imechapwa vizuri: f ≤ μN. Si alama ya sawa na. Ni ndogo kuliko au sawa na.

Uhusiano huu kati ya msuguano na uzito ni wa zamani. Amontons aliuwasilisha Ufaransa mwaka 1699, na Coulomb, yule yule wa umeme, akaufanyia majaribio ya kina yaliyochapishwa mwaka 1785. Lakini mwanafunzi huupokea ukiwa umepunguzwa hadi herufi tatu, f = μN, kwa sababu mazoezi ya mwanzo karibu yote ni ya sanduku linaloburutwa, na sanduku linaloburutwa kweli lina msuguano wa μN. Anafanya masanduku kumi na tano. Akifika kwenye gurudumu, mkono unaandika wenyewe.

Lichukulie kabati zito lililosimama. Ulisukume kwa nyutoni 10 na halisogei: msuguano ni 10. Ulisukume kwa 20, bado limesimama: msuguano ni 20. Sakafu inalipa deni kama linavyodaiwa, mpaka ifike mwisho wa uwezo wake, na huo mwisho ndio μN. Anayeandika μN tangu mwanzo amechukua kiwango cha juu cha mkopo akadhani ndicho kiasi kilichokopwa. Na rili inayobingirika bila kuteleza iko kwenye kundi la kabati, si la sanduku: kila nukta ya diski inayogusa sakafu, kwa ile lahadha ya kugusa, imetulia. Hili ndilo gumu kumeza. Rili inasogea, lakini pale inapogusa haisogei.

Mwaka 1981 Michelene Chi, Paul Feltovich na Robert Glaser walichapisha utafiti ambao huwa unanijia kichwani katika visa kama hivi. Waliwapa watu maswali ya fizikia wayapange kwa makundi jinsi wanavyoona yanafanana. Wanafunzi wanaoanza walipanga kwa sura: haya ya mteremko, haya ya springi, haya ya msuguano. Waliobobea walipanga kwa kanuni inayotatua: haya ya uhifadhi wa nishati, haya ya sheria ya pili ya Newton. Binti huyu aliona neno msuguano, akalitupa swali kwenye kapu la msuguano, na kapu lina fomula moja juu.

Mstari ambao haukuandikwa

Nikamwomba arudi kwenye picha yake ya kwanza na kunitajia namba zote za swali ambazo hakuzitumia. Akaorodhesha: 0.30, 0.15, 0.9.

"Kwa hiyo jibu lako lingebadilika nini kama badala ya rili ingekuwa sanduku la kilo 20?"

"Lisingebadilika."

Naliona hili kuwa kubwa kuliko kosa la myu. Ukurasa mzima hauna mahali panaposema kwamba kitu hiki kinazunguka. Na kama angeandika mlinganyo wa mzunguko, hata akiwa na msuguano wake wa 49.05, ugomvi ungezuka papo hapo. Momenti (kani zidisha umbali, yaani nguvu ya kuzungusha) kuzunguka kitovu ni 49.05 × 0.30 kutoa 60 × 0.15, yaani 5.7, gawanya kwa 0.9 upate mchapuko wa mzunguko wa 6.35, zidisha kwa 0.30 upate 1.9. Lakini mlinganyo wa kwanza ulisema 0.55. Rili moja haiwezi kuwa na michapuko miwili ya kitovu na bado iwe inabingirika bila kuteleza. Jaribu na 39.24: mlinganyo wa kwanza unasema 1.04, wa pili unasema 0.92. Ugomvi ni mdogo, lakini ni ugomvi.

Basi tukaanza upya, na safari hii f ikabaki herufi. Nilimwambia aandike yeye, mimi nitazame tu.

60 − f = 20a
0.30f − 60 × 0.15 = 0.9α
a = 0.30α

Alisita kwenye alama za mstari wa pili, akauliza kama kamba isiwe chanya kwa kuwa "inavuta mbele". Nikamwambia achukue kitu chochote cha mviringo kilicho karibu, akishike katikati, akivute kulia sehemu ya chini. Kinazunguka kinyume cha saa. Rili inayokwenda kulia inazunguka kwa mwendo wa saa. Kwa hiyo kamba inapinga mzunguko, na anayeizungusha rili, ajabu, ni msuguano. Hapo akaniandikia maneno ambayo niliyanakili: "Kwa hiyo msuguano unanizuia kwenda huku unanisaidia kuzunguka."

Visivyojulikana vitatu, milinganyo mitatu. Kutoka hapo ni aljebra ya kidato. f = 40, a = 1.0.

Sasa ndipo myu inapoingia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho: je, sakafu inaweza kutoa nyutoni 40? Kikomo chake ni 49.05. Inaweza. Basi dhana ya kubingirika bila kuteleza imesimama. Kama ingehitajika 50, dhana ingevunjika na tungeanza tena kwa njia nyingine. Ile 0.20 haikutumika popote. Imewekwa na mtungaji, sijui kwa ukarimu au kwa ubaya.

Kuna wasioridhika mpaka waone nishati nayo imekubali, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo nilimfanyia hesabu hii kama zawadi. Kitovu kikisogea mita 1, mkono unaovuta unasogea nusu mita tu, kwa sababu rili inajizungushia kamba. Kazi ya mkono ni 60 × 0.5, jouli 30. Kwa mchapuko wa 1.0, baada ya mita 1 mraba wa kasi ni 2. Nishati ya kwenda mbele ni nusu ya 20 × 2, jouli 20. Nishati ya kuzunguka ni nusu ya 0.9 × 2 ÷ 0.09, jouli 10. Jumla 30. Msuguano tuli haujachukua hata senti.

2.7

Ilibaki ile "2.7???". Kwa wakati huo ilikuwa karibu saa sita, na nilidhani ataiacha. Hakuiacha.

Mwenzake alichukua momenti kuzunguka mahali rili inapogusa sakafu, si kuzunguka kitovu. Msuguano unapita pale pale, kwa hiyo hauna mkono wa kuzungushia na unatoweka kwenye mlinganyo. Uzito na kani ya sakafu navyo vinapita kwenye nukta hiyo hiyo. Inabaki kamba peke yake, iliyo juu ya sakafu kwa mita 0.30 kutoa 0.15. Na momenti ya inesha kuzunguka nukta hiyo ni 0.9 jumlisha 20 × 0.30², yaani 0.9 + 1.8. Hiyo ndiyo 2.7. Njia ni halali kwa gurudumu la mviringo lenye kitovu cha uzito katikati kabisa. Gurudumu lililoelemea upande mmoja lingetaka uangalifu zaidi.

Ni suluhisho zuri, na ndilo ningeliandika mimi kwenye mtihani. Linaeleza pia kwa nini rili inamfuata mvutaji: mstari wa kamba unapita juu ya nukta ya mguso, basi hauna namna ila kuibingirisha upande wa kuvutia. Ukiinua kamba mpaka mstari wake upite kwenye nukta ile ile, kwa rili hii ni nyuzi 60 kutoka sakafuni, haibingiriki kokote. Inua zaidi, na sasa itaenda mbali nawe, kama wale wa dau walivyotabiri.

Ila kama nyenzo ya kumsaidia huyu binti, mstari ule haukufaa kitu. Shida yake ilikuwa msuguano, na uzuri wote wa njia ile ni kuuficha msuguano. Kumpa suluhisho sahihi lililoruka mahali pake pa kukwama ni kama kumwelekeza mgeni njia kwa kumwambia "ukishafika, mlango ni wa bluu".

Aliponiuliza aandike njia ipi kwenye kazi yake, nilimwambia aandike ile ya milinganyo mitatu, kwa kuwa ndiyo anayoweza kuitetea akiulizwa, na chini yake aseme wazi kwamba alisaidiwa. Sheria za vyuo kuhusu msaada zinatofautiana, lakini sentensi moja ya ukweli chini ya ukurasa sijawahi kuona ikimponza mtu.

Mimi nimebadilisha kitu kimoja tangu usiku ule. Situmi tena dokezo kwa kuangalia picha tu. Kwanza nauliza: "Kabla hujaanza kuhesabu, uliamua nini?" Mara nyingi majibu yanakuja ya ovyo, "sijaamua kitu", na hapo ndipo kazi inapoanza, maana boksi jekundu lipo juu ya ukurasa na halikujichora. Ningemwuliza hivyo saa nne, angeniambia "niliamua msuguano ni μN", na tungeokoa saa moja na nusu pamoja na lile jibu la 1.04.

Siku mbili baadaye akatuma picha nyingine. Hakuna aliyempa swali hili, amelitunga mwenyewe. Amechukua rili ile ile, akavuta kwa nyutoni 80.

Hakukuwa na boksi jekundu juu. Ameanza na f kama herufi, amepata kwamba kubingirika kungehitaji msuguano wa 53.3, ameandika "> 49.05, sakafu haiwezi, inateleza", na baada ya hapo tu ndipo ameweka 0.20 na kupata 39.24. Safari hii namba ile ile iko mahali pake. Mchapuko wa kitovu umetoka 2.04. Mchapuko wa mzunguko umetoka hasi, −0.25, na pembeni yake ameandika: "Inateleza kulia huku inazunguka kinyume, inafungua kamba. Nimekosea wapi?"

Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na mistari miwili ya penseli ambayo hakuitaja kwenye ujumbe. Mmoja umekagua kwamba nukta ya chini inasogea kulia kweli, hivyo msuguano una haki ya kuelekea kushoto. Wa pili umetafuta kani ambayo kwayo mzunguko unakuwa sifuri kabisa, rili inateleza tu kama sanduku: 78.48.

Nilichukua rili ya uzi, nikailaza mezani, nikavuta kwa ghafla. Iliteleza, ikafungua uzi kidogo, ikasimama. Nikamjibu kwamba hajakosea popote.